Maua Meupe ya Nyuma ya Jiko

Kapu lilipofunguliwa, harufu ndiyo iliyotoka kwanza.

Mishi alikuwa ameliweka juu ya mkeka katikati ya ua, akaikata kamba kwa meno kwa pupa ya kuona, na wanawake waliokuja kutunga maua wakainama juu yake kama watu wanaochungulia kisima. Majani ya mgomba yalikuwa yamenyauka. Kitambaa kilichoondoka Dar es Salaam kikitiririka maji kilikuwa kimekauka kikawa kama ngozi ya mbuzi. Na ndani yake asumini, asumini aliyoiota Mishi tangu siku posa ya mwanawe ilipopokelewa, ilikuwa imegeuka nyeusi, imeshikamana, inanuka kama maji ya mtungi uliosahauliwa.

"Haya ni majani ya chai, shoga yangu," alisema Swaumu, somo aliyemfunda bi harusi. "Tuteleke maji tu."

Wengine walicheka, kisha wakaona uso wa Mishi, wakaacha.

Shaban, bwana harusi, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Alikuwa mfunga breki kwenye treni, na kapu lile alilileta mwenyewe. "Treni ilikwama Gulwe, mama. Injini ilikosa maji. Kapu nimelinyunyizia maji yangu ya kunywa mpaka yakaniishia."

"Najua, mwanangu. Nenda kapumzike."

Mama yake Shaban, Bi Jaha, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta. Alikuja kutoka Kilimatinde siku nyingi kabla ya harusi, na tangu afike alikuwa akiihesabu nyumba hii kwa macho, chungu kwa chungu. Alizaliwa Tabora, akakulia njiani na misafara ya baba yake, na hakupenda watu wa pwani wanavyojisikia. "Sisi tulidhani watu wa Bagamoyo mnatembea na asumini mifukoni," alisema taratibu. "Kumbe nanyi mnangojea treni kama sisi."

Ni kweli Mishi alijigamba. Alikuwa amewaambia wote, mpaka wauza maji, kwamba Kudra wake hataolewa kama watu wa bara, kichwa kitupu na mafuta ya mbarika. Ataolewa kama alivyoolewa mama yake: na kikuba kifuani, maua kwenye nywele, maua kitandani. Dodoma ilikuwa mji wa juzi tu, mwaka wa pili tangu reli ifike, vumbi na mabati na mawe. Lakini ndani ya nyumba yake ingenukia Bagamoyo.

"Tutie mrehani," mmoja alishauri.

"Mrehani peke yake ni wa mchuzi."

"Na yale mekundu ya kule mlimani, yanayochanua kwenye ule mti mnene hata kiangazi?"

"Yale Wagogo wanapikia sumu ya mishale," alisema Swaumu. "Unataka bwana harusi afe kabla hajafungua mlango?"

Safari hii walicheka kwa muda mrefu. Hata Mishi alicheka. Na katikati ya kicheko kile akakumbuka kuwa katika mji mzima mahali pamoja tu palikuwa na maua ya kupandwa: nyumba ya Bwana Shauri, Mdachi aliyekuwa akihukumu kesi za watu bomani.

*

Asubuhi ya Ijumaa, siku yenyewe ya harusi, Mishi alikwenda huko na ungo wake. Mtunza bustani alimfahamu. Aliitwa Petro Matonya, Mgogo wa Nkuhungu, aliyebatizwa kwa wamisionari, na aliwahi kuleta kaptula zake zishonwe kiraka kwa mume wa Mishi.

"Mbukwa, Petro," Mishi alimsalimu kwa lugha yake, kwa sababu alikuja kuomba.

Petro alitabasamu. "Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu anaolewa leo, baba. Sina ua hata moja."

Petro alitazama madirisha. Yalikuwa yamefungwa. Bibi, mke wa Bwana Shauri, alikuwa mgonjwa wa kichwa tangu masika, hakuwa akitoka mapema. "Yale mekundu ya kwenye ua wa miti, Bibi mwenyewe ananiambia niyakate niyatupe. Chukua hayo, mama, ujaze ungo. Mimi nakwenda kisimani, punda wananingoja. Ukimaliza rudisha komeo."

"Mungu akuzidishie."

Mekundu yalikuwa makubwa, yamelegea, hayana harufu. Mishi alikata machache, akayanusa, akayaona kama matambara. Akazunguka nyumba kuangalia kama kuna mengine. Ndipo, nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha ukuta, alipoyaona.

Kilikuwa kitalu kidogo, kirefu kama mkeka wa kulalia mtoto, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Udongo wake ulikuwa mweusi na maji, katika mji ambao watu walinawa kwa kikombe. Na kilikuwa kimejaa maua meupe, madogo, ya tabaka juu ya tabaka, asiyoyajua jina. Akainama. Yalinukia karafuu.

Mishi alisahau komeo, akasahau mekundu, akasahau alichoambiwa. Petro alisema yale ya kwenye ua wa miti. Alilisikia neno hilo, tena alilisikia vizuri; baadaye hakujidanganya hata mara moja kwamba hakulisikia. Lakini moyo ulikuwa umemwambia kwamba Mzungu mwenye bustani kubwa namna ile hatakosa usingizi kwa ungo mmoja. Akachuma kwa vidole viwili, kwa uangalifu, akichagua yaliyofunguka na kuacha machanga, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha ungo ulipoonekana bado una nafasi, akayachuma na yale machanga.

*

Nyumba ilibadilika. Wanawake walikaa duara, sindano na uzi mkononi, wakitunga na kuimba. Swaumu alifunga vikuba kwa mrehani katikati na meupe pembeni, kimoja cha kifuani, kingine cha nywele. Kudra alikaa katikati, amechorwa hina mpaka kwenye viwiko, amepigwa marufuku kucheka lakini anacheka.

"Yananukia karafuu, mama! Yanaitwaje?"

"Yanaitwa Maua ya Kudra."

Hata Bi Jaha alisogeza kigoda. Alichukua ua moja, akalinusa, akalitia sikioni mwake kwa siri, na Mishi aliyeona akageuza macho asimwaibishe. Kwenye kibaraza mumewe, Hamidi, fundi cherehani, alikuwa akimalizia kanzu ya mkwewe, na cherehani yake ilikwenda sambamba na nyimbo.

Ilikuwa hivyo mpaka Swaumu, aliyetoka kidogo kufuata uzi dukani, aliporudi bila uzi. Alisimama. Kanga yake ilikuwa imeanguka begani na hakuiokota.

"Mishi. Haya maua uliyachuma wapi?"

"Si nimekwambia? Kwa Bwana Shauri."

"Wapi pa kwa Bwana Shauri?"

"Nyuma ya jiko."

Swaumu aliweka mkono kinywani. Akauondoa ili aseme, akashindwa, akaurudisha.

"Sema basi, unatutisha!"

"Ni kaburi," alisema Swaumu. "Ni kaburi la mtoto wao. Yule mdogo aliyekufa kwa homa wakati wa masika."

"Si alizikwa ng'ambo ya reli, kwenye makaburi ya Wazungu?"

"Ndivyo tulivyodhani sote. Bibi alikataa. Alitaka awe karibu, aisikie sauti yake, akazikwa hapo nyuma ya jiko. Kulikuwa na msalaba wa mbao, mchwa wakaula, wameagiza wa jiwe kwao, bado uko kwenye meli. Bibi ametoka leo kumwagilia kwa mkono wake, amekuta vikonyo vitupu. Amepiga ukelele mpaka wapagazi wa stesheni wamekimbilia kule wakidhani ni simba. Na Petro wamemfunga. Yuko bomani. Watampiga viboko hamsa wa ishirini baada ya sala ya Ijumaa."

Nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani. Kudra alikuwa ameinua mikono yake yenye hina hewani, mbali na mwili, kama mtu aliyemwagiwa kitu. Hakuthubutu kujigusa. "Nitoleeni," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nitoleeni haya."

Mishi hakuweza kusogea. Ni Swaumu aliyeyatoa, moja moja, akimwomba Mungu msamaha kwa kila moja.

Bi Jaha alisimama. Lile ua la sikioni lilikuwa limeshaondoka, hakuna aliyeona lilikwenda wapi. "Maua ya kaburi," alisema. "Mmemvika mke wa mwanangu maua ya maiti. Kwa nini msimshonee sanda kabisa, maadamu baba yake fundi?"

"Sikujua, Bi Jaha. Wallahi sikujua."

"Hukujua, lakini uliiba."

Neno lile lilimpata Mishi mahali palipokuwa tayari panauma. "Petro aliniambia nichukue."

"Hayo?"

Mishi alianza kuokota maua yaliyoanguka mkekani.

"Petro amesema nini bomani?" aliuliza Bi Jaha, akimgeukia Swaumu.

"Hajasema kitu. Wanamwuliza nani aliingia, anatazama chini tu."

Bi Jaha alikaa tena. Aliposema tena, ukali ulikuwa umemtoka, na hicho ndicho kilichomtisha Mishi zaidi. Sasa alikuwa akisema kama mama kwa mama. "Basi nisikilize, mwenzangu. Mwanangu anafanya kazi ya reli. Jina lake likitajwa bomani kwenye jambo la kaburi la mtoto wa Mdachi, kazi hana, na huenda akapelekwa kuvuta mnyororo. Tutazika hayo maua. Tutafukiza udi. Binti ataoga, ataolewa. Yule Mgogo atapigwa, ndiyo, lakini hawa wamezoea jua na miiba, kesho kutwa utamwona anachota maji. Amenyamaza mwenyewe. Hakuna aliyemziba mdomo."

Wanawake wengine walitazama mkeka. Mishi aliwatazama mmoja mmoja akitafuta atakayesema hapana. Wawili waliitikia kwa kichwa. Na yeye mwenyewe, kwa muda ambao alikuja kuuonea aibu maisha yake yote, aliona kwamba ni ushauri mzuri.

"Mama," alisema Kudra. "Yeye alikufungulia lango."

*

Cherehani ya Hamidi ilinyamaza Mishi alipofika kibarazani. Alimweleza yote akiwa amesimama, na hakujipunguzia. Hamidi alisikiliza akiwa ameshika kanzu magotini. Ujanani alikuwa msimamizi wa wapagazi, amepita nchi hii kwa miguu toka Bagamoyo hadi Ujiji, na ameona watu wakipigwa na Waarabu, na Wadachi, na wapagazi wenzao.

"Aliyechuma ni wewe?"

"Ni mimi, Baba Kudra."

"Unajua hawapigi wanawake pale."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja kukwambia, sikwenda peke yangu." Akaanza kulia. "Ukisema nisiende, siendi."

Hamidi alikata uzi wa kanzu kwa jino, akaikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka juu ya cherehani ili Shaban aikute. Kisha akatafuta viatu vyake.

Waliyatia maua yote kwenye sinia, pamoja na vikuba vilivyokwisha kufungwa, wakaenda. Walipopita njia ya stesheni watu waliwapigia shangwe za harusi. "Fundi! Leo ndiyo leo! Mbona unapeleka maua badala ya kuyaleta?" Hamidi aliwapungia mkono.

Walichelewa. Ua wa boma ulikuwa umejaa watu, kwa kuwa waliotoka msikitini walipita huko, na sauti ya kiboko ilisikika kabla ya kuona chochote. Petro alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya benchi, askari wawili wamemshika miguu na mikono, wa tatu anapiga, wa nne anahesabu. Kaptula yake ilikuwa ile yenye kiraka cha Hamidi. Mishi aliijua nguo ile kabla ya kumjua mtu.

"Simamisheni!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyechuma!"

Askari wa kuhesabu alinyamaza, akamtazama Bwana Shauri. Huyu alikuwa kijana kuliko Mishi alivyofikiri, mwenye ndevu za manjano na macho mekundu ya mtu aliyelia au asiyelala. Alisema Kiswahili kizuri cha pwani.

"Wewe ni nani?"

"Mishi, mke wa fundi Hamidi. Petro alinipa ruhusa ya mekundu, mimi nikachuma meupe. Hakuniona. Sikujua ni kaburi, bwana. Lingekuwa na alama nisingegusa. Nimeyarudisha."

Alipiga magoti, akaliweka sinia kwenye vumbi.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa, akatoka Bibi. Alikuwa mwembamba, nywele hazikufungwa, miguu haina soksi. Alikuja moja kwa moja, akainama mbele ya sinia, akachukua kikuba cha kifuani, akakigeuzageuza. Aliona uzi, aliona mrehani, aliona jinsi kila ua lilivyofungwa lisiumie.

"Hii nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake kidogo.

"Ni ya mwanangu, Bibi. Anaolewa leo."

"Mtoto wako. Jina?"

"Kudra."

"Kudra," alirudia Bibi. Macho yao yalikutana, na Mishi akafahamu, kwa hakika kama anavyofahamu njaa na kiu, kwamba huyu mwanamke mwenzake atasema neno na mambo yatakwisha. Bibi alisema neno kweli. Alimgeukia mumewe, akasema kwa lugha yao, maneno machache. Bwana Shauri alitikisa kichwa. Bibi akaokota sinia, akalishika kifuani kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mishi aliutazama mlango ule. Alidhani utafunguliwa tena. Alipiga magoti pale akiungoja, huku nyuma yake Bwana Shauri anasema, bila hasira, kama mtu anayegawa kazi:

"Hukumu imeshatolewa, haiwezi kuachwa njiani. Mwanamke hapigwi. Ana mume?"

"Nipo," alisema Hamidi.

"Basi mfungueni yule. Zilizobaki atazimaliza huyu."

Hata wale waliokuja kutazama kama wanavyotazama mchezo, walirudi nyuma. Hamidi alivua kofia yake akampa mtu wa karibu. Alipita karibu na Petro anayeinuliwa, akamshika mkono kidogo, kisha akalala mahali pale pale, pakiwa bado na jasho la mwenzake. Mishi hakufunga macho. Alijiambia kwamba hana haki ya kuyafunga. Askari aliendelea kuhesabu pale alipoishia, na hicho ndicho Mishi alichoshindwa kukielewa siku zote: kwamba hesabu haikuanza upya, kwamba kwao ulikuwa mgongo mmoja tu.

*

Bi Jaha hakuwa ameondoka. Mishi alitegemea kukuta ua mtupu, lakini wanawake walikuwa wamekaa walivyokuwa, udi unafuka, Kudra ameogeshwa na kuvikwa kanga mpya, nywele zake tupu zinang'aa mafuta. Shaban alikuwa kibarazani na kanzu yake mikononi.

"Nimeshamwambia mama yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Kama reli watanifukuza, wanifukuze nikiwa nimeoa."

Baada ya sala ya alasiri wanaume walikusanyika mbele ya nyumba. Mikeka ilitandikwa. Mwalimu Mustapha, aliyeozesha watu wengi wa mji ule, alikaa, Shaban akakaa mbele yake, mashahidi wakakaa, wageni wakajaza nafasi. Mishi alisimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, Kudra nyuma yake, Bi Jaha na wengine ndani kwenye kivuli.

Hamidi alitoka amevaa kanzu nyeupe. Alitembea polepole sana. Pembeni yake alikuja Petro, ambaye Hamidi hakukubali arudi Nkuhungu siku ile, naye amevalishwa kanzu ya zamani ya fundi, fupi kwake. Walifika ukingoni mwa mkeka, wakasimama.

"Karibu ukae, mzee," alisema Mwalimu Mustapha. "Walii wa bi harusi hukaa mbele yangu. Mshike mkweo mkono."

"Nimefika, mwalimu. Wewe soma."

"Huwezi kuozesha kutoka huko juu. Kaa kwanza, baba."

Mzee mmoja wa mbali, ambaye habari haikumfikia, alicheka. "Fundi ana kiburi leo! Anataka tumtazame!"

Hamidi alijaribu. Mishi aliona kwamba alijaribu: alishika bega la Petro, akakunja goti moja, uso ukageuka rangi ya majivu, akanyanyuka tena. Alitazama juu ya vichwa vya wageni wake, kule reli inakopotelea, na kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kama cha mtoto aliyeaibishwa mbele ya watu. Nyuma ya kanzu nyeupe alama moja nyembamba ya damu ilikuwa imeanza kupenya.

Yule mzee aliyecheka aliambiwa sikioni. Akainamisha kichwa.

Shaban ndiye aliyeinuka. Alijikung'uta vumbi, akasogea mpaka alipo mkwewe, akanyoosha mkono wake wa kulia, akangoja. Kisha mashahidi wakainuka, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Mustapha alikuwa mnene na magoti yake yalikuwa mabovu. Aliomba msaada wa mikono miwili, akahema, akasimama. Na wote waliokuwa kwenye mikeka, wapagazi wa stesheni, wauza duka, wauza maji, waliinuka kimya, viatu vikiwa vimeachwa pembeni, wakasimama miguu mitupu kuizunguka nyumba ya fundi.

"Bismillahi," alianza Mwalimu Mustapha.

Kudra alimvuta mama yake kanga. "Wanafanya nini, mama? Mbona naona vichwa tu?"

"Wamesimama," alisema Mishi. "Wote wamesimama."

Mwalimu aliposema maneno ya mwisho na Shaban akaitikia kwamba amemkubali, Mishi alifungua kinywa apige kigelegele cha mama, na koo likakataa. Kimya kikawa kirefu, kirefu mno kwa harusi, mpaka watu wakaanza kugeuka kutazama mlangoni. Ndipo akasikia nyuma yake kigoda kikisukumwa. Bi Jaha alikuja, akapita kati yake na Kudra, akausukuma mlango ukafunguka wote, akasimama kizingitini mbele ya wanaume, uso wazi, akapiga. Kilikuwa kigelegele cha mwanamke mzee, cha kukwaruza, kilikatika katikati kwa kilio. Akavuta pumzi, akapiga tena.